Miaka 15 ya kiti kimoja

Msikilizaji, Katiba yetu inampa Rais vipindi viwili, basi. Mbunge hana ukomo. Hilo lina maana gani kwa mtu wa Zinga, jimbo la Bagamoyo?

Tumtazame Dakta Shukuru Kawambwa. Alishinda ubunge wa Bagamoyo 2005, akarudi 2010 na 2015. Katikati hapo akawa Waziri wa Miundombinu, kisha wa Elimu. Mwaka 2020 kiti kikaenda kwa Muharami Mkenge.

Sasa, wapo wanaosema mbunge mkongwe ni mtaji: anajua mlango wa kila wizara, na akipiga simu inapokelewa. Ni kweli, tena si jambo dogo.

Lakini tusikilize na upande wa pili. Mkataba wa bandari ya Mbegani, iliyopangwa kujengwa hapa hapa kata ya Zinga, ulitiwa saini 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, ni mwana wa Bagamoyo. Mbunge alikuwa waziri. Hata hivyo, 2019 Rais Magufuli aliyakataa masharti ya mradi, nao ukakwama. Mwenye shamba lililotengwa kwa mradi huo akabaki hajui apande minazi au asubiri.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo uzoefu ulipofika kikomo: mradi wa ukubwa ule huamuliwa juu ya kichwa cha mbunge yeyote, mgeni au mkongwe.

Basi nikuulize, msikilizaji: unapompigia kura mbunge wako kwa mara ya tatu, unampima kwa kigezo gani hasa?