Safari ni Moja: Maoni Juu ya Treni za Abiria Waendao Mbali

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetupa heshima ya kusema mbele yenu juu ya treni za abiria waendao mbali. Huenda mtu akauliza, chama cha kusaidiana kina haja gani na mambo ya reli? Jawabu limo katika daftari la mfuko wetu wa misiba. Sisi tulishikao daftari hilo twajua ya kuwa kila mwenzetu anapofiwa, fedha tunazomchangia huliwa kwanza na nauli. Wengi wetu twafanya kazi hapa Mombasa, na makwetu ni Nyanza na Magharibi. Kwa njia ya reli, kutoka hapa hata Kisumu ni zaidi ya kilomita 900. Kwa hiyo habari ya treni si ya Serikali peke yake. Ni habari ya mfuko wetu, ya wagonjwa wetu, na ya watoto wetu waendao shule.

Wahenga walisema, msafiri kafiri. Mwaka uliopita mzee wetu mmoja alipata habari kwamba ndugu yake amefariki huko Yala. Alipanda treni ya asubuhi pale Miritini, akakaa vizuri, akafika Nairobi mchana. Hakuwa na neno lo lote la kulalamikia hadi hapo. Lakini stesheni aliyoshukia iko Syokimau, nje ya mji, naye alikuwa na begi na mfuko wa vyakula. Alipofika mjini kutafuta basi la kwenda magharibi, lilikuwa juma la kufunga shule: magari yamejaa, na nauli imepanda. Akalala kitini hata asubuhi. Alipofika Yala, kaburi lilikwisha kufunikwa. Alituambia hivi: "Nilikwenda mbio hadi Nairobi, kisha Nairobi ikaniketisha."

Hakuna ofisi iliyomkosea mzee huyu. Treni ilikwenda kama ilivyoahidi, na basi lilijaza viti vyake. Kosa lilikuwa katikati ya hizo mbili, mahali ambapo hapana mtu aliyepewa kazi ya kumtazama abiria. Neno letu la leo ni hili: safari ya mtu ni moja, nayo hupimwa tangu mlango anaotoka hata mlango anaokwenda. Anayeisifu treni kwa mwendo wake kati ya stesheni mbili amepima kipande tu cha safari.

Wazee wetu walio hapa hawahitaji kufundishwa historia, bali vijana na waisikie. Kazi ya kulaza reli ilianza hapa Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Baadaye zikaongezwa njia za matawi: mwaka 1930 njia ya Butere ilifunguliwa, ikipita Maseno, Luanda na Yala, na mwaka huo huo reli ilifika Nanyuki, mwaka 1931 ikafika Kampala. Reli ile haikujengwa kwa ajili yetu, na baba zetu walipanda daraja la tatu, wakibanana juu ya mabenchi ya mbao. Hata hivyo, ilikuwa na tabia moja njema: ilisimama penye watu. Mama wa Kibwezi aliweza kumngoja mwanawe karibu na soko, na mzee wa Luanda aliweza kushuka na kwenda kwa miguu hadi nyumbani.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, shirika la reli la nchi tatu liligawanyika. Kwa miaka mingi iliyofuata njia zetu zilichakaa, treni zikachelewa, na vituo vingi vya abiria vikafungwa. Kisha tarehe 31 Mei 2017 ilizinduliwa reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi, yenye upana wa milimita 1,435, pana kuliko ile ya zamani ya milimita 1,000. Treni yake ya abiria hufikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa, na safari iliyokuwa ikichukua usiku kucha, na mara nyingine zaidi, ikawa kama saa 5. Jambo hili ni jema, na asiyelishukuru hana haki ya kusema lingine. Mwaka 2019 reli hiyo ilifikishwa Suswa, karibu na Naivasha. Nako Kisumu, treni ya abiria ilirudi Desemba 2021 juu ya reli ya zamani iliyotengenezwa upya, ingawa haikuwa ya kila siku.

Basi tuna reli mbili. Upana wake si mmoja, na treni ya hii haiwezi kupita juu ya ile. Bila mpango, abiria ndiye anayekuwa kiungo, begi kichwani na mtoto mgongoni. Kwa sababu hiyo twaleta maoni matano.

La kwanza, treni zingojane. Iwapo treni ya kutoka Mombasa yafika Nairobi mchana, treni ya kwenda Kisumu iondoke jioni ile ile, na ile ndogo ya kuunganisha Syokimau na stesheni ya mjini iwe imesimama tayari. Tena tiketi iwe moja, toka mwanzo wa safari hata mwisho wake. Hapo treni ya kwanza ikichelewa, ni juu ya wenye reli kumfikisha abiria, si juu ya abiria kutafuta pa kulala. Wenzetu wa Tanzania walipoanza safari za treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, stesheni yao mpya ya Dar es Salaam waliijenga mjini, jirani na stesheni ya zamani. Sisi hatuwezi kuihamisha stesheni ya Syokimau, lakini twaweza kuisogeza kwa ratiba.

La pili, vituo vya katikati visisahauliwe. Kati ya Mombasa na Nairobi reli mpya ina vituo vya abiria vya Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River, navyo huhudumiwa na treni ya asubuhi. Twajua kwamba treni ikienda kilomita 120 kwa saa, kila dakika 1 ya kusimama ni kilomita 2 zilizopotea, na kwamba reli hiyo ni ya njia moja, ambayo treni hupishana penye vituo. Kwa hiyo hatuombi kila treni isimame kila mahali. Twaomba ziwe za namna mbili, moja ya haraka na moja ya kusimama, na ile ya kusimama ipate mwenzake wa jioni, ili mtu wa Kibwezi aweze kwenda hospitali Mombasa na kurudi bila kupoteza siku mbili.

La tatu, nauli imfikirie mtu wa mshahara mdogo. Treni mpya ilipoanza mwaka 2017, kiti cha daraja la chini kiliwekwa kuwa shilingi 700. Mnamo Januari 2024 nauli ilifikishwa shilingi 1,500. Mume na mke waendao Nairobi na kurudi, waliotoa shilingi 2,800 zamani, kwa nauli hiyo hutoa shilingi 6,000, na hapo hawajafika Nakuru. Hatusemi mafuta hayana bei, wala kwamba deni la reli lijilipe lenyewe. Twasema hivi: kiti kikienda kitupu siku ya kazi hakimfaidii mtu ye yote. Kiuzwe kwa bei nafuu siku hizo kwa wazee na wanafunzi. Na mwezi wa Desemba, wakati kila mtu aenda kwao, mabehewa yaongezwe. Tena, kwa kuwa tiketi nyingi siku hizi hununuliwa kwa simu, awepo karani dirishani wa kumsaidia mzee asiyejua kuitumia.

La nne, treni ya usiku yenye vitanda irudishwe kwa safari za magharibi. Wengi mwaikumbuka treni ya usiku ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa iliyokoma mwaka 2017, na mashuka yaliyotandikwa wakati abiria wanakula. Reli ya kwenda Kisumu yapanda Mau kwa makona mengi, yapita Molo na Londiani, kisha yashuka Muhoroni. Haiwezi kamwe kushindana na basi kwa mbio. Lakini mtu aliyelala kitandani hahesabu saa. Akiondoka jioni na kuamka Kisumu asubuhi, amehifadhi siku yake na nguvu zake. Pasiwe na vitanda vya matajiri tu; viwepo vya bei ndogo, sita katika chumba kimoja, ili na sisi tulale.

La tano, liwepo behewa la mizigo pamoja na abiria. Mtu wetu hasafiri na mkoba peke yake. Anakwenda na godoro, anarudi na gunia la mahindi na mkungu wa ndizi. Na kuna mzigo mwingine ambao twauona vigumu kuutaja, yaani jeneza. Kusafirisha maiti kwa gari la kukodi toka pwani hata Magharibi ndiko kunakoumaliza mfuko wetu. Kama lingekuwapo behewa la heshima kwa kazi hiyo, pamoja na viti vya wafiwa, mjane angebakiwa na kitu cha kuwalisha watoto baada ya mazishi.

Ndugu zetu, hatulisemi jambo hili kwa kupenda starehe. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2017, basi la abiria na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu zaidi ya 30 wakafa. Serikali ikapiga marufuku kwa muda mabasi ya masafa marefu kwenda usiku. Wengi mnaijua barabara ile, kwa maana ndiyo njia ya kwetu. Treni moja ya reli mpya hubeba abiria zaidi ya 1,000, nao wangejaza mabasi yapata 20. Kila treni inayokwenda huondoa mabasi hayo barabarani, na madereva waliochoka pamoja nayo.

Lakini tuseme kweli yote. Treni nayo huua ikiwa njia yake haikutazamwa. Mwisho wa Januari 1993, mafuriko yaliharibu daraja huko Ngai Ndethya, na treni ya usiku iliyokuwa ikienda Mombasa ikaanguka mtoni. Zaidi ya watu 100 walipotea. Kwa hiyo kabla ya kuomba treni nyingi, twaomba kwanza watu wa kukagua madaraja na makalvati nyakati za mvua, nao wawe na mamlaka ya kuisimamisha treni. Treni iliyochelewa kwa sababu ya usalama haitatupa la kulalamikia.

Wako watakaosema kwamba maoni ya chama kidogo hayasikiwi na wakubwa. Huenda ni hivyo, iwapo twapeleka malalamiko matupu. Lakini wahenga walisema pia, mali bila daftari hupotea bila habari. Halmashauri yapendekeza kwamba kuanzia mwezi ujao kila mwanachama asafiriye aandikishe kwa karani mambo manne: siku aliyoondoka, mahali alipobadilisha gari, fedha alizotoa, na saa aliyofika mlangoni kwake. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na hesabu zetu wenyewe, nazo tutazipeleka kwa wenye reli na kwa wabunge wetu. Mkubwa aweza kulikataa ombi kwa neno moja, lakini hesabu iliyoandikwa vema humlazimu kuijibu.

Nasi pia tuna wajibu. Twajua wako watu, hata katika mitaa yetu, wanaong'oa vyuma vya reli na kuviuza kama vyuma chakavu. Anayekinunua chuma hicho ana hatia sawa na anayeking'oa. Wako pia wanaopanda bila tiketi na kujisifu. Hatuwezi kudai treni iliyo bora huku tukiila ile iliyopo. Kila mzazi na amwonye mwanawe.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu uyakubali mambo mawili: maoni haya matano yaandikwe kuwa maoni ya chama, na daftari la safari lifunguliwe. Yule mzee wetu yuko nasi leo, ameketi safu ya mbele. Tumemwomba ruhusa ya kulitaja jambo lake, naye ametukubalia, kwa sharti kwamba jina la kwanza katika daftari hilo liwe lake.