Mwandiko Huanzia Begani



Wahitimu wetu, muda si mrefu mtakabidhiwa darasa la awali, na hapatakosa mtu wa kuwaambia kwamba mwalimu hodari ni yule ambaye watoto wake wametulia tuli, mikono wamekunja. Msimsikilize.

Mkono wa kuandikia hutengenezwa polepole. Mifupa 8 ya kifundo cha mkono huwa bado gegedu mtoto anapozaliwa, na hukomaa kidogo kidogo kwa miaka. Uwezo wa kuumudu mwili nao una utaratibu wake: shingo kwanza, kisha mabega na kiwiliwili, vidole baadaye kabisa. Bega likiwa legevu, penseli nayo haitulii.

Mtazameni mtoto wa Kibosho au Marangu akishuka kihambani. Njia imeinama, masika yameacha utelezi, na mbele yake mfongo, mfereji wa maji, unakatiza. Anaporuka, majimaji yaliyo ndani ya sikio yanauarifu ubongo kichwa kimeelekea wapi. Misuli na viungo vinaeleza mguu ulipo. Macho yanapima upana wa maji. Habari hizo zikikutana kila siku, mwili unazoea kujimudu. Mwenzake wa Pasua hapa mjini, aliyejifungia na simu katika chumba cha kupanga, hana mteremko wala mfereji. Huyo atawategemea ninyi zaidi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 aushughulishe mwili angalau dakika 180 kwa siku. Wenu wameuvuka umri huo juzi tu. Na hamhitaji vifaa vya dukani: ipo rede, kuna kombolela, kamba ya kuruka haikosi. Mdako, kwangu mimi, ni somo zima: jiwe liko hewani, mkono unachota mengine shimoni, na jicho halibanduki.

Mkimwona mtoto anayeanguka ovyo, au asiyevumilia kuguswa, msimwite mzembe. Zungumzeni na mzazi mapema. Hospitali ya KCMC ni hapa hapa mjini, na wataalamu wa fiziotherapia na tiba kazi wapo.

Mwalimu mkuu naye akiingia akakuta madawati yamesukumwa ukutani na vumbi linatimka, mwambieni ni kipindi cha kuandika.