*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI – KASHAULILI*
*Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye kikao cha maandalizi ya mkutano mkuu*



Nimeombwa nizungumzie umeme wa siku ya mkutano. Wengine mmecheka, mkasema umeme ni kazi ya fundi. Tukumbushane ya mwaka jana. Mhazini alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusoma hesabu, spika zikanyamaza na taa zikazima. Kesho yake maneno yakaenea mtaani kwamba tumezima makusudi ili hesabu zisisomwe. Na mama jirani aliyetuazima soketi ya duka lake, waya wake uliyeyuka. Deni lile bado hatujalimaliza.

Ndugu zangu, TANESCO hawakukata. Kosa lilikuwa letu. Spika, friji, taa na jagi la umeme vyote tulivichomeka kwenye ekstensheni moja.

Sisi wa Mpanda tuliishi miaka mingi na umeme wa majenereta ya dizeli, kabla ya ujenzi wa laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Tunajua kwamba kila chombo kina kiwango chake.

*HESABU YETU*
Kila kifaa kimeandikwa wati zake kwa nyuma. Kamati imezunguka na kuandika:
▪️ Amplifaya na spika: 1,200
▪️ Miksa na maiki: 100
▪️ Kompyuta: 100
▪️ Projekta: 300
▪️ Taa 10 za wati 50: 500
▪️ Feni 4 za wati 75: 300
▪️ Friji: 200
▪️ Jagi la umeme: 2,000
*Jumla: wati 4,700*

Gawanya kwa volti 230, unapata ampea zaidi ya 20. Soketi ya kawaida ni ampea 13, yaani kama wati 3,000 tu. Ndiyo maana waya wa mama uliyeyuka.

Sasa tazameni. Jagi peke yake linakula karibu nusu. Chai ikichemshwa kwa mkaa au gesi, tunabaki na wati 2,700. Tukiongeza robo ya akiba, tunafika 3,375. Akiba hiyo ni ya lazima, kwa sababu friji inapoanza kuwaka huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida.

*TULIYOKUBALIANA*
1. Chai itachemshwa kwa mkaa. Mama zetu wa jikoni wameridhia.
2. Spika zina njia yake, na taa, feni na friji zina njia yake. Fundi mwenye leseni atapima nyaya kabla ya siku yenyewe.
3. Tutakodi jenereta ya akiba ya kVA 5. Zidisha kwa 0.8, inatoa kama wati 4,000, inatutosha. Ijaribiwe siku moja kabla, ikiwa imebeba mzigo wote.
4. Jenereta ikae nje, mbali na turubai na watu. Moshi wake unaua kimyakimya. Isijazwe mafuta ikiwa inawaka.
5. Ni marufuku kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Umeme unarudi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi wa TANESCO. Itumike swichi ya kubadilishia.
6. Ekstensheni ikunjuliwe yote, ikikunjwa inapata moto. Nyaya zisipite watoto wanapocheza.
7. Mkutano ni saa 6. Wati 2,700 kwa saa 6 ni uniti 16 na kidogo. Tununue uniti 20 za LUKU, na risiti ibandikwe kwenye ubao wa tawi.

La mwisho. Kabla ya hayo yote, deni la mama jirani lilipwe. Hatuwezi kusimama kwenye maiki kuzungumzia uaminifu huku waya wake bado ni mbovu. Mchango upelekwe kwa Mhazini, na kila mtu apewe stakabadhi.

Safari hii hesabu zitasomwa hadi mwisho, taa zikiwaka.



*Imetolewa na Katibu wa Tawi, Kashaulili, Mpanda.*
_Mjulishe na mwanachama asiye na simu._