Spika Sibebi, Lakini Natembea

Mwaka jana mliniona nikivuka mpaka na spika begani. Mwaka huu sibebi. Ultrasaundi ya tumbo ilionyesha aota, ule mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, imevimba hadi sentimita 4. Nikaogopa hata kutembea. Daktari akanambia, kukaa tu si dawa. Tembea kila siku, mwendo ambao bado unaweza kuongea. Usinyanyue kizito mpaka ukabana pumzi. Presha hupanda ghafla, na ukuta wa mshipa umeshalegea. Vidonge vya presha nameza, hata siku za kufunga. Na mkiona nimeshikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo, mgongo au kifua, msingoje ibada iishe. Nikimbizeni hospitali, mtaniombea njiani. Vijana, spika zile pale. Amina?