Mali Bila Daftari Huisha Bila Habari

Hotuba ya mwalimu wa shule ya kambi mbele ya Kamati ya Jumuiya, wazazi na wageni, siku ya kumbukumbu



Walionitangulia wamewataja marehemu wetu na nyumba zilizochomwa, na wamefanya vyema. Mimi Kamati imenipa kazi ya kuzungumza juu ya kumbukumbu ya aina nyingine, ile iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Nazungumzia faili za mahakama.

Wengi wetu tuliotoka Molo tulivuka Malaba au Busia mwanzoni mwa mwaka 2008, tukapokelewa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na baadaye watu wakahamishiwa Kiryandongo. Tulikimbia na watoto na matandiko. Faili hazikukimbia. Zilibaki kwenye rafu huko tulikoziacha: kesi ya mpaka wa shamba, mirathi ya baba, kesi ya jinai ambayo wewe ulikuwa shahidi. Swali la leo ni hili: mtu aliye mbali atazifikiaje?

KWA NINI TUSINGOJE

Nimewasikia wazee wakisema, "Kesi ile nimemwachia Mungu." Sipingi dua, lakini sheria ina saa yake, na saa hiyo haisimami kwa sababu mtu yuko kambini. Nitataja mambo matatu.

La kwanza ni kesi iliyolala. Kanuni za madai za Kenya za mwaka 2010, Agizo la 17, zinasema kwamba kesi ikikaa mwaka mmoja bila hatua yoyote, mahakama inaweza kuwaita wahusika waeleze kwa nini isifutwe. Wito huo hupelekwa kwenye anwani iliyo ndani ya faili. Kama anwani hiyo ni ya nyumba iliyoungua, nani ataupokea?

La pili ni mirathi. Mtu akiomba mahakama impe usimamizi wa mali ya marehemu, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Ombi hilo huambatana na orodha ya warithi na barua ya chifu. Ndugu aliyebaki nyumbani anaweza kuorodhesha watoto watatu na kuwaacha wawili walio ng'ambo ya mpaka. Miezi sita baada ya kupewa hati ya usimamizi, anaweza kuomba ithibitishwe na mali igawanywe. Lakini Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 76, inaruhusu hati hiyo kufutwa kama ilipatikana kwa kuficha jambo muhimu. Ili uonyeshe kilichofichwa, lazima kwanza uione faili.

La tatu ni miaka 12. Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashauri, Sura ya 22, inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake mahakamani tangu haki ya kudai ilipoanza. Kwa aliyefukuzwa Januari 2008 na shamba lake likakaliwa na mtu mwingine tangu siku hizo, hesabu hiyo inafika mwaka 2020. Aliyekuwa mtoto wakati ule, au aliyezuiwa kwa njia fulani, amwulize wakili kabla ya kukata tamaa, kwa maana sheria ina nafasi zake. Lakini aliyekuwa amefungua kesi mapema ana ngao. Ngao hiyo ni ile faili, na ikifutwa leo, huenda asiweze kufungua nyingine.

NANI ANA HAKI YA KUULIZA

Ndugu zangu, ukimbizi hauondoi uraia. Wewe uliyezaliwa Molo na hujaukana uraia wako bado ni raia wa Kenya. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Na aliyeshtakiwa kwa jinai, kifungu cha 50 kinampa nakala ya mwenendo wa kesi yake baada ya kesi kwisha, kwa kulipa ada ya haki.

Upande wa Uganda hali ni tofauti kidogo. Katiba ya 1995, kifungu cha 41, inatoa haki ya habari kwa raia, na wengi wetu si raia hapa. Lakini kifungu cha 28 kinasema "mtu" aliyehukumiwa, hakisemi raia. Mtu huyo, au yule aliyempa idhini, anastahili nakala ya mwenendo baada ya hukumu, akilipa ada. Na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufika mbele ya mahakama. Kwa hiyo ukiwa na kesi Tororo au Busia, omba kama mhusika wa kesi, wala usiogope.

ANZA NA NAMBA

Karani wa masijala hatafuti faili kwa kisa chako. Anatafuta kwa mambo manne: aina ya kesi, namba, mwaka na kituo. Nitatoa mfano wa kesi inayotuhusu. Kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa 1 Januari 2008, watu wakiwa ndani. Kesi yake ilikuwa kesi ya jinai namba 34 ya mwaka 2008, Mahakama Kuu ya Nakuru. Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alitoa hukumu 30 Aprili 2009 na kuwaachilia washtakiwa wanne. Kambini watu wamesema mengi juu ya kuachiliwa huko. Hukumu yenyewe inaeleza sababu, na inaulaumu waziwazi upelelezi wa polisi. Anayeisoma huenda asifurahi, lakini atajua lawama iliwekwa wapi, na hatategemea uvumi.

Huna namba? Tafuta risiti ya zamani, hati ya wito, barua ya wakili, karatasi ya dhamana. Zikikosekana zote, andika majina kamili ya pande mbili kama yalivyoandikwa mahakamani, pamoja na mwaka unaoukumbuka, ili karani apekue daftari la kesi la mwaka huo.

UTAFUTE WAPI

Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa maana majina yanatuchanganya. Molo ni mbili: Molo ya Nakuru tuliyotoka, na Molo hapa wilaya ya Tororo. Busia pia ni mbili, moja Kenya na moja Uganda, na kila upande una mahakama yake. Barua iliyoandikwa "Mahakama ya Busia" bila jina la nchi inaweza kwenda kusikohusika.

Tulipoondoka tulisema mkoa na wilaya. Chini ya Katiba ya 2010 Kenya ina kaunti 47, na Molo imo Kaunti ya Nakuru. Lakini mahakama si ofisi ya gavana. Usimtume ndugu yako kwenye makao ya kaunti. Mtume kwenye masijala ya mahakama yenyewe.

Kesi iliyosikilizwa na hakimu, anzia Mahakama ya Molo, au Nakuru kama ilifunguliwa huko. Kesi ya ardhi iliyokuwa Mahakama Kuu, uliza pia Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, kwa sababu kesi za ardhi zilihamishiwa huko na nyingine zikapewa namba mpya. Wale ambao shauri lao lilikwenda kwa wazee wa baraza la migogoro ya ardhi, lile la sheria ya mwaka 1990, wajue kwamba mabaraza yale yameondolewa. Uamuzi wao ulikuwa ukipelekwa kwa hakimu usajiliwe, basi uliza masijala ya hakimu.

Shangazi yangu aliambiwa na karani wa kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kwamba faili ya babu imepotea. Hakugomba. Aliomba kwa upole aonyeshwe daftari la kesi, na humo mliandikwa tarehe ambayo faili ilipelekwa mahakama ya juu kwa ajili ya rufaa. Haikuwa imepotea, ilikuwa imesafiri. Ukiambiwa "imepotea", uliza: daftari linasemaje? Ilitoka lini mara ya mwisho, na ilikwenda kwa nani? Jibu likikosekana, andika barua kwa msimamizi wa kituo. Akinyamaza, Mahakama ya Kenya ina ofisi yake ya malalamiko, na iko pia Ofisi ya Ombudsman.

Wenye simu ya intaneti waanze huko bila nauli. Kenya Law, yaani Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria, huweka hukumu za mahakama za juu wazi na bure, pamoja na Gazeti Rasmi lenye matangazo ya mirathi. Kwa Uganda, hukumu nyingi ziko ULII. Hukumu nyingi za mahakimu hazimo humo, wala faili nzima haimo. Tangu mwaka 2024 vituo vya mahakama vya Kenya vinapokea kesi kwa mtandao, lakini kesi zetu za zamani ni za karatasi.

NAMNA YA KUOMBA

Andika barua fupi kwa masijala. Taja jina lako, namba ya kesi, wewe ni nani katika kesi hiyo, na unachotaka hasa. Kuisoma faili ni jambo moja, kupata nakala ni lingine. Kama utaitumia mbele ya hakimu au ofisi ya ardhi, omba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, maana nakala ya kawaida haitakusaidia. Omba mwenendo wa kesi, hukumu na amri ya mwisho, kila kimoja kwa jina lake.

Lipa ada kwa njia rasmi tu na udai risiti. Pesa inayopita mkono kwa mkono haina ushahidi, na pia ni kosa.

Ukimtuma mtu, mpe barua ya idhini iliyotiwa sahihi. Kama atasimama kwa niaba yako katika kesi, panahitajika hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na wakili. Usimpe karatasi zako za asili, mpe nakala.

Msiombe faili za watu ili kuwaaibisha. Mambo ya watoto na kesi za ubakaji hulindwa, na mahakama inaweza kukataa kuzitoa. Ni haki ikatae.

TAHADHARI, NA OMBI KWA WAGENI WETU

Usivuke mpaka kufuata faili kabla ya kuzungumza na ofisi ya ulinzi ya UNHCR na Ofisi ya Waziri Mkuu. Wako ambao hatari iliyowatoa haijakwisha, na wako ambao safari ya kurudi inaweza kuzua maswali juu ya hadhi yao ya ukimbizi. Wakili au ndugu anaweza kufanya kazi hiyo nawe ukabaki salama.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika nina ombi moja. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 25, unasema mkimbizi anapohitaji msaada wa mamlaka za nchi asikoweza kuziendea, nchi anayoishi impangie msaada huo, kupitia mamlaka zake au chombo cha kimataifa. Uganda ilipojiunga mwaka 1976 iliweka sharti kwamba haitabeba gharama isipokuwa UNHCR iombe msaada huo na kurudisha fedha. Basi msituambie kwamba ni jambo la serikali peke yake. Ombi linatakiwa litoke kwenu. Tunaomba siku moja kwa mwezi mwanasheria akae nasi, apokee namba zetu na kuzifuatilia Molo, Nakuru, Busia na Tororo.

Nasi tufanye sehemu yetu. Kuanzia wiki ijayo, darasa langu litafunguliwa jioni. Kila familia ije na karatasi ilizonazo, hata iliyochanika. Tutaandika katika daftari moja la Kamati: jina, aina ya kesi, namba, mwaka, kituo na nchi. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake wa shule. Wazee waje kwanza, kwa sababu majina ya mashahidi na mipaka ya mashamba yamo vichwani mwao, na hakuna masijala iliyo na nakala yake.