Reli za Ng'ambo ya Rhine

Kama uko jikoni, sogeza redio karibu. Kama uko njiani, funga dirisha kidogo upunguze kelele. Leo nakupeleka Cincinnati, jimbo la Ohio, Marekani. Si jiji la kutisha kwa ukubwa. Sensa ya 2020 ilikuta watu 309,000 na ushei, nao wanaishi ukingoni mwa Mto Ohio, huku ng'ambo ikionekana Kentucky. Nimelichagua kwa sababu moja ya ajabu. Chini ya barabara yake iitwayo Central Parkway kuna handaki la reli lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Lina stesheni, lina majukwaa, lina ngazi za kushukia. Lilijengwa miaka ya 1920, na hadi ninapozungumza nawe halijapitisha hata abiria mmoja aliyekata tiketi.

Tutalifikia hilo handaki. Kwanza tuanze na maji.

Mahali lilipo handaki palikuwa na mfereji wa kuunganisha Mto Ohio na Ziwa Erie, ulioanza kuchimbwa mwaka 1825. Mashua za mizigo zilikokotwa na nyumbu waliotembea taratibu ukingoni. Upande wa kaskazini wa mfereji wakajazana wahamiaji wa Kijerumani, na watu wa mjini wakawa na utani wao: ukivuka daraja kwenda kule, umevuka mto Rhine, umeingia Ujerumani. Utani ukageuka jina. Mtaa unaitwa Over-the-Rhine hadi leo, yaani Ng'ambo ya Rhine.

Ilipofika mwaka 1900 mtaa huo ulikuwa na watu wapatao 45,000, wamebanana kwenye nyumba za matofali za ghorofa tatu, nne: duka chini, familia juu, na familia nyingine juu ya hiyo. Viwanda vya bia vilikuwa vingi, na chini ya sakafu zake yalichimbwa mapango marefu ya kupozea mapipa. Soko la Findlay lilianza kuuza mwaka 1855 na halijafungwa. Ukumbi mkubwa wa muziki, Music Hall, ulifunguliwa 1878, na ukiutazama kwa mbele utadhani ni kanisa kuu lililokosea njia likaishia hapo.

Halafu watu wakaanza kuondoka. Sasa, nini kiliwatoa mtaa ule? Wengi wataja vita, na ni kweli vita ilikuwamo. Mwaka 1918 chuki dhidi ya Wajerumani ilipopamba moto, hata mitaa ilibadilishwa majina. Mtaa wa Bremen ukawa Republic. Kisha ikaja marufuku ya pombe, viwanda vya bia vikafunga milango. Lakini kabla ya yote hayo palikuwa na tramu. Cincinnati ni jiji la vilima, na zamani mtu asiye na farasi alilazimika kukaa bondeni karibu na kazi yake. Tramu za umeme zilipoanza kupanda vilima, na pale palipokuwa na mteremko mkali zikawa zinapandishwa kwa jukwaa lililovutwa kwa kamba za chuma, fundi au karani mwenye mshahara wa kueleweka aliweza kuhamia juu penye hewa safi na kushuka kazini asubuhi. Usafiri ndio uliowafungulia mlango wenye nacho, wakatoka. Waliobaki bondeni ni wasiokuwa na nauli ya kila siku.

Na tramu zenyewe zilikuwa na kituko chao. Mahali pengi duniani tramu inatumia waya mmoja juu, umeme unarudi kwa njia ya reli. Kampuni ya simu ikalalamika kwamba umeme huo unaorudi ardhini unaingilia simu za wateja wake. Basi Cincinnati ikawa inatumia nyaya mbili kila njia, na anga ya katikati ya mji ikawa kama wavu wa mvuvi umetandazwa kukauka.

Turudi kwenye mfereji. Reli za treni ziliua biashara ya mashua, maji yakatuama, mbu wakafurahi. Wakubwa wa jiji wakasema: tuyakaushe, tujenge reli ya chini ya ardhi humo humo, kwa kuwa shimo tayari tunalo. Lilikuwa wazo la busara, na sitaki mtu alicheke. Mwaka 1916 wapiga kura waliidhinisha hati fungani za dola milioni 6 kwa ajili ya mzunguko wa reli wa kilomita zipatazo 25. Mwaka uliofuata Marekani ikaingia vitani, fedha za miradi ya namna hiyo zikazuiliwa. Vita ilipokwisha bei ya saruji na chuma ilikuwa imepaa. Ujenzi ukaanza Januari 1920 kwa fedha ile ile ya bei za zamani. Ilipofika 1927 mfuko ulikuwa mtupu, na reli hata moja haijalazwa.

Hapo siasa ikaingia na mguu wake mzito. Waliouanzisha mradi walikuwa watu wa utawala wa zamani, ule wa kubebana. Meya mpya, Murray Seasongood, aliingia madarakani 1926 kwa tiketi ya kusafisha jiji, na kwake yeye handaki lile lilikuwa alama ya wale aliowashinda. Hakuwa na haraka ya kulimalizia. Wakati huo huo kila aliyeweza alikuwa ananunua gari. Mwaka 1928 ikafunguliwa juu ya handaki Central Parkway, barabara pana yenye miti, nalo likafunikwa kama chungu. Deni la hati fungani lilimalizika kulipwa mwaka 1966. Ukijumlisha riba, zile milioni 6 zilikuwa zimezidi 13.

Unajua nini kinasafiri humo leo? Maji. Mwaka 1957 jiji lilipitisha bomba kubwa la maji ndani ya handaki. Baadaye, miaka ya hofu ya bomu la nyuklia, stesheni ya Liberty Street ikageuzwa mahali pa kujikinga.

Tramu za juu nazo hazikudumu. Ya mwisho iliingia karakana tarehe 29 Aprili 1951. Mwaka uliotangulia, sensa ilikuwa imehesabu karibu watu 504,000 jijini. Jiji halijawahi kurudi hapo.

Msikilizaji, hapa naomba unipe sikio lako lote. Magharibi ya Ng'ambo ya Rhine kuna mtaa wa West End, na ndani yake palikuwa na eneo ambalo wapangaji wa jiji waliliita Kenyon-Barr. Walikaa humo watu weusi, karibu wote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jiji liliamua kulibomoa lote. Kabla ya kubomoa, wafanyakazi wa jiji walizunguka na kamera wakapiga picha jengo moja baada ya jingine. Nimezitazama baadhi ya picha hizo. Mtu amesimama kando ya nyumba, ameshika kibao chenye namba, kama mfungwa anayeandikishwa, ila anayeandikishwa ni nyumba. Nyuma yake maisha yanaendelea bila kujua: mtoto kwenye ngazi, kibao cha kinyozi, nguo kambani. Watu 25,737 waliondolewa. Mahali pao yalijengwa maghala na viwanda, na pembeni ikapita barabara kuu ya I-75, ili waliohamia nje ya mji waweze kuingia kazini na kutoka bila kumtazama mtu usoni.

Walioondolewa walikwenda wapi? Wengine walivuka Central Parkway, juu ya lile handaki, wakapanga Ng'ambo ya Rhine. Huko waliwakuta wazungu maskini kutoka milima ya Appalachia waliokuja kutafuta kazi za viwandani. Nyumba zilikuwa kuukuu, wenye nyumba wako mbali, kodi ni ndogo na matengenezo hakuna. Idadi ya watu ikazidi kushuka. Sensa ya 2000 iliwakuta 7,638 tu, katikati ya mamia ya majengo matupu yenye mbao madirishani. Watalii wa usanifu walikuwa wakiyasifu majengo kwa uzuri. Waliokuwa wakilala ndani yake walijua paa linavuja upande gani.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2001, katika uchochoro mmoja wa mtaa huo, polisi alimpiga risasi Timothy Thomas, kijana mweusi wa miaka 19 ambaye hakuwa na silaha. Makosa aliyokuwa akitafutiwa mengi yalikuwa ya barabarani. Jiji lililipuka siku kadhaa, ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku. Ndipo wakubwa wa makampuni wakashtuka kwamba ofisi zao ziko mwendo wa miguu kutoka pale.

Mwaka 2003 wakaunda shirika la uendelezaji, 3CDC, lisilo la faida lakini lenye mifuko mirefu. Likanunua majengo moja moja katika mtaa wa Vine na kandokando, likayakarabati, likaleta migahawa. Kazi ya mikono, nikiri, ni nzuri. Matofali yaliyokuwa yakibomoka yamesimama, na nyumba ambazo zingekuwa kifusi zina taa jioni. Lakini nenda Washington Park, mbele ya Music Hall. Palikuwa na bwawa la kuogelea la kina kirefu na viwanja vya mpira wa kikapu, na watoto wa mtaa walikuwa wakishinda hapo majira ya joto. Bustani ilipofunguliwa upya mwaka 2012, bwawa halikuwapo wala viwanja. Palikuwa na nyasi safi, chemchemi za kuruka maji, na chini yake maegesho ya magari. Makazi ya wasio na nyumba yaliyokuwa kando ya bustani nayo yalihamishwa mwaka 2015. Vyumba vya kodi ambayo maskini kabisa angeiweza vilipungua kwa maelfu katika muda usiozidi miaka 15.

Na hapo ndipo tramu ikarudi.

Meya Mark Mallory aliitaka. Wapinzani walijaribu kuizuia kwa kura ya wananchi mwaka 2009, wakashindwa. Wakajaribu tena 2011, wakashindwa tena. Mwaka huo huo serikali ya jimbo chini ya gavana John Kasich ikaondoa zaidi ya dola milioni 50 ilizokuwa imeahidi. Pigo hilo lilikata kipande muhimu kuliko vyote: njia ya kupanda kilima hadi kwenye chuo kikuu na hospitali kubwa, ambako maelfu huenda kazini kila siku. Ikabaki tramu ya bondeni, inayozunguka kilomita zisizofika 6, kutoka viwanja vya michezo mtoni hadi juu kidogo ya Soko la Findlay.

Novemba 2013 akachaguliwa meya mpya, John Cranley, aliyeahidi kuiua. Reli zilikuwa tayari zimelazwa Elm Street. Desemba 4, baraza la jiji likasimamisha ujenzi kwa kura 5 dhidi ya 4. Zikafuata wiki mbili za patashika. Serikali kuu ya Marekani ikaonya kwamba msaada wake utarudishwa jiji lisiposema ndiyo kufikia usiku wa Desemba 19. Wahisani wakaweka dhamana ya mamilioni kwa gharama za uendeshaji. Siku hiyo ya mwisho madiwani wakapiga kura 6 kwa 3 kuendelea, na hizo sita ndizo hasa zilizohitajika ili meya asiweze kuipinga. Hapo nyuma katika historia ya jiji hili palishawahi kuachwa reli njiani. Nadhani safari hii lile handaki lilipiga kura bila kuandikishwa.

Tramu ilianza kazi Septemba 9, 2016. Mwanzo ulikuwa wa aibu kidogo: mashine za tiketi zilikuwa zinagoma, na behewa lilisimama kwenye taa nyekundu kama gari lolote, hadi watembea kwa miguu wakalipita. Wakosoaji wakasema tuliwaambia. Kisha Novemba 2020 jiji likafuta nauli, ikawa bure. Mwaka 2023 safari zilivuka milioni 1. Vijana huipanda kwenda mpirani, mama huipanda na mboga zake kutoka sokoni.

Ila mfanyakazi wa usafi hospitalini, yule ambaye kipande cha kilimani kingemfaa, bado anasubiri basi. Na habari ya mabasi ndiyo iliyonishangaza katika kuandaa kipindi hiki, maana haikuandikwa sana. Miaka mingi mabasi ya Cincinnati yalikuwa yakitegemea kodi ya mapato ya jiji, huku vitongoji vya nje vikichangia kidogo. Mwaka 2020, janga la korona likiwa mlangoni, wapiga kura wa kaunti nzima waliulizwa kama wako tayari kulipa kodi ya mauzo kwa ajili ya mabasi. Ilipita kwa kura chache mno, ungeidhani kura ya msikiti wa kijijini. Hakuna aliyewasha fataki. Mwaka uliofuata baadhi ya njia kuu zikaanza kutembea saa 24, na mipango ya mabasi ya mwendokasi kwenye barabara mbili kubwa ikaanza kuchorwa.

Kwa hiyo ukifika Cincinnati usiku wa manane, msikilizaji, tramu itakuwa imelala karakana na chini ya Central Parkway bomba litakuwa linasukuma maji gizani. Pale Government Square, katikati ya mji, utakuta watu wanne watano wamesimama na mifuko yao ya kazini, wakitazama upande ambao basi hutokea.