Mzazi Baada ya Arobaini

Desturi ya pwani humpa mzazi siku 40: hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na kazi zake hushikwa na jamaa. Ni desturi njema; lakini arobaini ikiisha jamaa huenda zao, na pengine moyo wa mzazi haujapona.

Machozi ya siku za kwanza ni kawaida. Yakizidi majuma mawili, akakosa usingizi hata mtoto alalapo, asimfurahie mwanawe, huo ni ugonjwa, si uvivu wala uchawi. Nao huweza kuanza hata baada ya miezi. Hutibika, lakini akiachwa aweza hata kujidhuru.

Nawe bwana unisikiaye, teka maji, mpokee mtoto, mwulize mkeo moyo wake u hali gani. Ukiona dalili hizo, mpeleke hospitali upesi. Kwaherini.